Waya Mmoja, Ncha Mbili

Walikutana kwenye msongamano wa duka la kompyuta, mtandio wa njano wa Mama Pacha uliponasa kwenye bunda la waya begani kwa Fundi.

"Dada, umenasa au umenikamata?"

"Nikukamate una nini, kaka?"

Miezi mitatu baadaye Mama Pacha alikuwa mwanafunzi wa Fundi katika darasa lake la kompyuta la jioni, karani katika hospitali ambayo Fundi alitunza mtandao wake, na mpenzi wake.

Asubuhi moja, akifagia chumba cha mitambo, aliona waya wa buluu unaning'inia. Kwa kupenda unadhifu, akauchomeka kwenye tundu wazi la swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Hakutazama kwamba ncha ya pili ilikuwa imo humo humo.

Punde kompyuta zote zikaganda. Majibu ya maabara hayakwenda popote, wagonjwa wakajaa ukumbini.

"Fundi," daktari mkuu alifoka, "ikifika saa kumi bado, kazi huna!"

Fundi akamgeukia Mama Pacha, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Mpenzi, kuna mtu kaingia humu?"

"Sijaona mtu."

Uongo ulimponyoka Mama Pacha. Alirudi mezani, akafungua daftari la darasa. Ncha mbili za waya mmoja zikiwa kwenye swichi moja, ujumbe huzunguka humo hadi mtandao uzidiwe. Mwandiko wake mwenyewe! Akisema, atamkosa Fundi. Akinyamaza, Fundi atakosa kazi. Akapanga na kupangua mafaili hadi saa tisa na nusu, ndipo akampigia Fundi simu.

"Fundi wangu... chomoa ule waya wa buluu."

"Umejuaje?"

"Niliuchomeka mimi."

Simu ikakatwa. Skrini zikafunguka moja moja, watu wakashangilia. Mama Pacha akajikokota hadi kwa daktari mkuu, akasema yote, akatoka na onyo la maandishi.

Fundi alikuwa ukumbini, amenuna.

"Kwa huo waya ningekucheka tu. Lakini kutwa nzima unanitazama nikihangaika!"

"Niliogopa utaniacha. Baba wa pacha wangu aliondoka bila hata kuaga."

"Mimi nagomba, Mama Pacha. Siondoki."

"Bado naogopa."

"Basi njoo uogopee kwangu, wewe na wanao. Nataka nikuoe."

"Na huo mnuno?"

"Utakwisha kesho. Sema."

Akampa mkono wa kukubali. Fundi hakuuachia.