Maneno Kumi na Mawili ya Mama Brightness

Mlango haukuvunjwa. Kufuli halikuguswa. Simu yenyewe ilikuwa pale pale juu ya jora la kitenge, ina chaji, kioo kizima. Lakini sarafu za mtandaoni zilizokuwamo, akiba ya kulipia fremu ya duka mwaka mzima, zilikuwa zimeyeyuka zote. Na mwenye jengo alishasema: asipolipwa Ijumaa, vitu nje.

"Leo Jumatano," alisema Mama Brightness, muuza vitenge wa Mtaa wa Narung'ombe, Fortunata kwa jina la ubatizo. "Miaka ishirini na mbili nipo hapa, afande. Nitaenda wapi mimi?"

Inspekta Badria alifungua daftari. "Pochi hii ya sarafu za simuni ina maneno yake kumi na mawili ya siri. Simu ikipotea, unayaingiza kwenye simu nyingine, kila kitu kinarudi. Akiyapata mwingine, anabeba kila kitu, na hakuna wa kumpigia azuie. Uliyaweka wapi?"

Mama alifungua kabati la chuma, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Brightness aliniambia niandike kwa mkono, nisipige picha, nisimwonyeshe mtu."

"Uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nani mwingine aliyaona?"

"Hakuna."

Sajini Abbasi alikohoa. "Aliyemfungulia pochi ni binti yake. Kikulacho ki nguoni mwako, afande."

Badria aliomba namba za binti na za mwenye jengo. Heriel, karani wa duka, mtu wa makamo aliyetumika pale miaka kumi na moja, akamwandikia majina na namba kwenye kikaratasi. Badria akasukuma maelezo mbele ya mama, wateja wote wakitazama. "Soma, kisha saini. Upesi, tuna kazi."

Mama aliikodolea macho karatasi kwa muda, akaburuza kalamu.

Brightness alishuka kwenye treni ya Dodoma mchana huo, akapelekwa moja kwa moja kituoni.

"Maneno uliyajua?"

"Sikuyaona hata moja. Yalitokea kwenye simu ya mama. Mimi nilikuwa chuoni, namwelekeza kupitia kiswaswadu chake, kile kisimu cha vitufe. Nikamwambia afunge mlango, aandike peke yake."

"Shahidi wako nani?"

"Mama."

"Mama yako anasema ni ninyi wawili tu mliojua habari hii."

Msichana akatoa macho. "Kwa hiyo ni mimi?" Akaanza kulia.

Abbasi alikwenda kutafuta ufunguo wa mahabusu. Nje, kwenye benchi, Mama Brightness alikuwa akisikia yote. Alikumbatia mkoba wake, macho sakafuni. Lahaula! Badria alijiuliza ni mama gani huyu, mtoto anafungiwa naye hamtetei.

Akarudi mezani, akaweka karatasi ya maneno kando ya kikaratasi cha namba. Herufi g yenye mkia uliopinda kushoto. Herufi t iliyokatwa nusu. Mwandiko ulikuwa mmoja.

Alitoka. "Mama, nisomee neno la tatu hapa."

"Miwani nimesahau dukani."

Miwani ilikuwa kifuani kwake, inaning'inia kwa mnyororo.

Badria alihisi uso unamuwaka. Sentensi hiyo aliijua. Mama yake mzazi aliisema kila walipokwenda kliniki, na Badria wa darasa la sita alikuwa anasogea pembeni ili watu wasijue ni mama yake. Na asubuhi ile ile, mbele ya wateja, alimwambia huyu soma upesi. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtu mzima.

Aliketi naye benchini. "Aliyekuandikia ni Heriel?" alinong'ona.

"Usiseme kwa sauti, mwanangu. Brightness hajui."

"Mficha uchi hazai, mama. Mtoto analala mahabusu leo."

Mama alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ndiye," akasema.

Heriel hakukimbia. Alikutwa dukani anakunja vitenge. Badria alimwekea karatasi mbili mezani.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Ulitoa nakala?"

"Ya nini? Maneno kumi na mawili tu. Niliondoka nayo kichwani."

"Kwa nini, Heriel?"

Yakamtoka kwa mkupuo. "Miaka kumi na moja mimi ndiye macho yake, afande. Barua za mwenye jengo, meseji za mtoto wake, nasoma mimi, najibu mimi. Mwezi jana wateja wa Tunduma wamejaa, risiti ina kosa. Mama anavaa miwani, anaiangalia. 'Mnamwona huyu? Hajui hata kusoma. Namlisha kwa huruma.' Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ningesema nini?"

"Sarafu ziko wapi?"

"Zipo kwenye pochi yangu, sijatumia hata moja. Nitazirudisha sasa hivi. Nilitaka aseme kwa mdomo wake nani anasoma pale dukani."

"Ukanyamaza binti akikamatwa?"

Heriel aliinamisha kichwa. "Hapo sina la kusema, afande. Hapo nimejidhalilisha mwenyewe."

Jioni, sarafu za kodi ziliporudi, Brightness alitolewa. Kaunta ya kituo ilikuwa imejaa watu. Badria alikuwa ameandika maelezo mapya, safari hii akasema taratibu, "Twende ndani, mama."

"Hapana." Mama Brightness alisimama wima. "Nisomee hapa hapa. Mimi sijui kusoma."

Watu wakageuka. Brightness alishika ukingo wa kaunta. "Mama... meseji zangu zote zile?"

"Heriel." Alimgeukia binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa tayari ulale ndani kwa ajili ya herufi."

Brightness alilia kwanza, kisha akamsogelea mama yake. "Tutafungua pochi nyingine, mama. Maneno mapya."

"Nitayachora mwenyewe, hata kama ni siku nzima."

Badria aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Mama akaweka chake kando.

"Hili linasemaje?"

"Mimi," alisoma Badria.

"Mimi," akarudia mama, na hakukiondoa kidole.