Karoti Isiyokauka

Karoti zote zilikauka isipokuwa moja.

Si karoti za mchuzi hizo. Ni mawe marefu ya duara ambayo mtambo huyachomoa tumboni mwa kilima, na jina hilo waliyapa wazee waliosoma kwa Kifaransa. Huletwa Kigali yamepangwa masandukuni, hadi ghala moja la Muhima, nyuma ya maduka ya matairi. Kabagwira huyaosha na kuyaanika. Ilyasi huyapasua kwa msumeno, kila jiwe mapande mawili kwa urefu wake. Pande moja hubaki sandukuni. La pili husagwa likawa unga, likapelekwa maabara kuulizwa kama lina shaba au dhahabu.

Mchana ule jua lilikuwa la kuunguza, na mawe mengine yalishakuwa makavu kama mkate wa jana. Hili moja Kabagwira alipoligusa, mkono ulitoka umelowa. Akalifuta kwa kitenge. Likalowa tena, polepole, kama paji la mwenye homa.

"Ilyasi, hii iko inatoa jasho."

"Hata mimi niko natoa jasho, Mama Mucyo, na hakuna mtu anashangaa."

Hakuwa na nguvu ya kucheka. Mumewe alikuwa safarini na lori, mtoto wao Mucyo ndiyo kwanza ameanza kutambaa, na kazi ilikuwa haipumziki. Karoti hizi zilitoka mpakani mwa miamba, pale graniti ilipopanda zamani ikiwa moto ikajipenyeza ndani ya miamba mizee. Mutsinzi, mtaalamu wa miamba aliyekulia Uganda, alisema shaba na dhahabu hupenda kulala katika mipaka kama hiyo. Kila akipita ghalani huokota kipande, hukilamba, hukigeuza kwenye mwanga akitazama punje zake, maana jiwe kavu halisemi kitu. Ndoo na brashi vipo, lakini ulimi uko karibu zaidi.

Kabagwira aliiga. Jana yake, ndoo ikiwa mbali na magoti yakimuuma, alililamba jiwe hilo hilo aone kama lina kijani cha shaba. Yeye ambaye hanywi hata maji bila kufanya ishara ya msalaba, alilamba tu, kama ng'ombe anavyolamba chumvi. Lilikuwa na ladha ya damu.

"Pasueni hivyo hivyo," Mutsinzi alisema alipoambiwa. "Jiwe likitoka chini huwa na maji yake. Maabara wanangoja."

Ilyasi akapasua. Msumeno ulilia sauti ambayo hakuipenda, lakini kazi ni kazi.

Jioni ile Mucyo alishika titi la mama yake, akanyonya kidogo, akaliachia. Akamtazama kama mtu aliyepewa chakula cha mwenzake. Kesho yake akakataa kabisa, na uji pia, kama mama ndiye aliyeukoroga. Kituo cha afya walimpima, wakasema hawaoni ugonjwa, ajitahidi kunyonyesha. Ajitahidi! Kabagwira alikamua maziwa kwenye kijiko, akaonja mwenyewe. Damu ile ile. Shaba.

Jumapili, baada ya misa, alijilaza na mtoto nyumbani Batsinda. Mikono ya Mucyo ilikuwa imekonda hata bangili ya shanga ilipanda mpaka kiwiko. Nje jua linawaka, majirani wanaanua nguo, redio ya mtu inaimba. Ndipo pua yake ikapata harufu ya jiwe lililolowa, harufu ya chini sana ambako mvua haijawahi kufika. Kisha akasikia, ukutani karibu na mlango, kitu kinakwaruza kwa ulaini, hakikwaruzi, kinalamba, kinalamba polepole na kwa bidii kama mtu mwenye kazi yake, kikishuka kutoka mlangoni kupita kabatini kupita picha ya Bikira Maria kikija upande wa kitanda, na kila kilipopita rangi ya ukuta ililowa ikawa nyeusi, mstari mpana kiasi cha ulimi wa ng'ombe, mpaka ukafika juu ya kichwa cha mtoto na hapo ukatulia, na yeye hakuweza kupiga kelele kwa sababu ulimi wake mwenyewe ulikuwa umekauka mdomoni kama kipande cha mti.

Mucyo hakulia. Aliuangalia ule mstari akatabasamu.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Kabagwira alimnong'oneza Ilyasi kesho yake, nyuma ya masanduku. "Ile kitu ya jiwe iko kwangu. Mtoto atakufa."

Ilyasi hakufanya mzaha. Alimpeleka Nyamirambo kwa dada yake Umulisa, mama wa sambusa, ambaye watu humwendea awasomee wagonjwa wao. Kabagwira alisita mlangoni, Mkatoliki kwenye nyumba ya Waislamu. Umulisa alimpokea mtoto kwa mikono yenye unga.

"Ingia, mama. Shetani mwenyewe haulizi dini." Akasikiliza yote. Akauliza, "Kwenu mgeni akiletewa pombe, nani anaonja kwanza?"

"Mwenyeji. Ili mgeni ajue haina sumu."

"Basi. Ulionja, ukamkaribisha. Yeye kafuata adabu tu."

"Mfukuze!"

"Mgeni hafukuzwi, dada. Anasindikizwa mpaka njiani, na mizigo yake. Liko wapi jiwe?"

Mutsinzi aliombwa, akacheka. "Mama Mucyo, jiwe la mpakani? Hilo ndilo nitawaonyesha wageni wenye pesa zao." Basi Kabagwira akaiba pande lililobaki sandukuni. Alilifunga kitengeni akiomba, Bwana nisamehe, leo nimekuwa mwizi, na huku jiwe likimlowesha tumbo.

Walipanda kile kilima lilikochomolewa, wao watatu, mtoto mgongoni hana hata nguvu ya kushika nguo. Tundu la mtambo lilikuwa limezibwa kwa saruji. Umulisa aliinama.

"Na pande la pili?"

Ilyasi akatazama viatu vyake. "Lilisagwa. Limekuwa unga."

Umulisa alipapasa saruji. "Mgeni aliyesahau kitu hurudi kukitafuta," alisema. "Haya. Tusindikize tulicho nacho."

Akasoma Kurani, Kabagwira akasali rozari yake, sauti mbili zilizochoka zikipishana juu ya nyasi. Wakaliweka jiwe juu ya saruji. Na mbele ya macho yao likakauka, kutoka kingo hadi katikati, likawa jiwe la kawaida lisilo na neno. Harufu ikaondoka. Wakashuka bila kugeuka.

Garini njiani Mucyo alitafuta titi, akanyonya kwa pupa, hata maziwa yakamwagika shingoni. Kabagwira alilia, abiria wakidhani kafiwa.

Alikwenda kuungama wizi. Alimwambia na Mutsinzi, akafukuzwa kazi, naye hakubishana, alikuwa na hamu ya kulala tu. Mtoto alinenepa. Bangili ikarudi kifundoni mwa mkono. Asubuhi moja alimweka kizingitini, penye mawe yaliyojengewa ngazi, akaketi kando yake achambue maharage, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi mabega yake yakashuka.

Mucyo akatambaa mpaka kwenye jiwe la kwanza. Akatoa ulimi, akalilamba. Akarudisha kichwa nyuma, akakiinamisha upande, akapatazama pale palipolowa, mwanga ukipaangaza, kwa utulivu wa mtu mzima anayejua anachotafuta. Hakukiona. Akasogea kwenye jiwe la pili, akalamba, akatazama. La tatu.

Maharage yalimwagika. Kabagwira akamwita kwa jina.

Mtoto akageuka, akamjia, akashika goti la mama yake kwa mikono miwili. Akalilamba. Akainamisha kichwa, akatazama.