Alitumia Jina Langu Kumpeleka Mdogo Wangu Chini ya Mlima

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na sita. Nimezaliwa hapa Kisangani, mtaa wa Kabondo, baba na mama wakiwa watu wa Maniema. Sina mume, ingawa niliyeolewa naye bado anaishi, na nikimwona sokoni napita njia nyingine.

Wakati ule tungali Zaire, nilikuwa mmoja wa wanawake wachache waliosomea kazi ya kusoma picha za ardhi zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Unaweka picha mbili chini ya miwani ya mezani, unatulia, na mara mlima unasimama mbele ya macho yako kama unaweza kuugusa!

Mume wangu, Bosenge, alikuwa mhandisi wa barabara ya mgodi mmoja wa dhahabu, huko kwenye milima ya mashariki. Siku moja aliniletea picha za barabara hiyo.

Nilichokiona kilinitisha. Juu ya barabara mlima ulikuwa na kovu la maporomoko ya zamani, limepinda kama alama ya meno. Juu zaidi, ufa mpya. Kijito kilikuwa kinapotea katikati ya mteremko, maana yake maji yanaingia ndani ya udongo. Na chini kabisa, barabara ilikuwa imeukata mlima miguu!

Nilimwambia waziwazi kwamba mvua kubwa zikija, ule mlima utashuka. Barabara ihamishiwe ng'ambo ya bonde. Akanishika mkono, akaniahidi kuwaeleza wakubwa wake. Baada ya muda akarudi na habari njema: wamekubali, barabara imehamishwa.

Kwa nini nisimwamini? Alikuwa mume wangu...

Ndipo akampatia kazi mdogo wangu Asani, dereva wa lori, pale mgodini, kwenye barabara ile. Nyumbani tulifurahi mno. Mama alipika pondu, majani ya muhogo, na samaki, akambariki Bosenge kama mwanawe wa kumzaa. Mimi mwenyewe nilimsindikiza Asani mpaka kwenye lori. Nilicheka naye!

Mvua zilipokuja, mlima ulishuka. Uliwafunika Asani na wenzake, magari na yote. Palepale nilipopaonyesha kwa kidole kwenye picha... Barabara haikuwahi kuhamishwa hata hatua moja.

Kwenye matanga nilimsogelea Zaina, mke wa Asani, nimkumbatie. Akanisukuma.

"Yaya, dada yangu, Asani aliona ufa mu barabara," alisema. "Akauliza bwana yako. Akamujibu: usiogope, dada yako mwenyewe aliangalia ile mulima mu picha, alisema iko muzuri."

Jamani! Jina langu ndilo lililomtuliza mdogo wangu!

Nilimkuta Bosenge nyumbani, amevaa suti yake ya abakosti, tayari kwenda matangani. Hakukana. Aliangalia ukuta.

"Ningesema barabara itoke pale, wangeleta ingénieur mwingine," alisema. "Bon, nilijua mulima itangoja."

Kisha akaniomba ninyamaze, maana sisi ni nyumba moja.

Sikunyamaza. Nilirudi matangani, nikasimama mbele ya waombolezaji, nikasimulia yote tangu mwanzo. Zaina alilia, akaniacha nikae karibu naye. Wakubwa wa mgodi walisema ni mapenzi ya Mungu, na Bosenge akabaki na cheo chake. Mimi sikulala tena chini ya paa lake.

Lakini Mama alikuwa na swali moja tu: "Mwana wangu, juu ya nini haukukuya kutuambia siye wenyewe?"

Mama amekufa, na swali lake ndilo linalonifanya niwaandikie leo.

Ndugu zangu, nawasihi. Ukijua hatari iliyo njiani, usitume habari yake kwa mdomo wa mtu mwingine, hata awe yule unayelala naye kitanda kimoja. Nenda mwenyewe kwa wale watakaopita pale. Waambie kwa sauti yako, wakuulize, uwajibu. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu... na yeye ndiye aliyechagua nani apite.