Viatu vya Kabatini

Rafiki yangu ni fundi fremu, na si mtu wa kuzusha. Juzi mchana klabu ya riadha ilimwita kwenye ukumbi wao wa mashujaa, eti akamtundike mwenyekiti. Shujaa gani yule! Hajawahi kukimbia hata mvua, na kikao cha kumpa heshima alikiongoza mwenyewe. Ili apate nafasi, ilibidi iteremshwe picha ya marehemu mama mmoja aliyeiletea klabu karibu medali zake zote, na viatu vyake vya mbio vitolewe kabatini.

"Hivyo we tupa tu," katibu alimwambia, akampa ufunguo, akaenda zake kunywa chai.

Fundi alipoishusha picha, umeme ukakatika. Ukumbi hauna dirisha, giza likawa totoro. Akasikia mtu anakimbia kuuzunguka ukumbi, anahema, anampita mgongoni mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Katibu, acha utani!"

Hatua zikakoma penye kabati.

Umeme uliporudi, alikuwa peke yake. Kabati bado lilikuwa limefungwa, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Alifungua, akatia mkono ndani ya kiatu kilichokaa humo miaka thelathini.

Kilikuwa cha moto, kimelowa jasho.