Hatua Kumi na Moja

Kila siku ya soko Nzula alimfunga mtoto wake Mumo mgongoni, akapanda pikipiki nyuma ya mumewe Muteti, wakapeleka maharagwe Kitengela. Tangu shemeji yake Kaloki afariki, alifumba macho njia nzima.

Kaloki pia alikuwa mtu wa boda boda. Mwaka wa 2009 aligonga ng'ombe kwenye barabara ya Isinya. Mazishini watu walisema ni breki ya mbele iliyomrusha. Muteti aliporudi nyumbani aliung'oa waya wa breki ya mbele ya pikipiki yake. Akabaki na ile ya mguu peke yake.

Lakini Nzula alikuwa ameiona alama ya gurudumu pale Kaloki alipoangukia, akaipima kwa miguu. Hatua kumi na moja.

Siku moja jirani yao Phylis, daktari wa mifugo, alikuja kuchanja mbuzi. Alikuwa ameendesha pikipiki miaka mingi. Nzula alijikaza akamweleza juu ya ile alama.

"Ilikuwa moja tu, ndefu, imepinda?" Phylis aliuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Hiyo ni ya gurudumu la nyuma. Pole, Mama Mumo. Kaloki hakugusa breki ya mbele."

Muteti alisikia. Akaketi juu ya dumu la maji.

"Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele," Phylis alimwambia. "Nyuma inabaki nyepesi, inateleza. Achilia mkono wa mafuta, simamisha pikipiki wima, shika breki zote mbili pamoja. Ya mbele usiinyakue. Ikaze polepole, kama unakamua ng'ombe. Na usiishike ukiwa kwenye kona."

Muteti alifunga waya mpya. Jioni walikwenda uwanja wa mnada, ng'ombe wakiwa hawapo. Phylis alifunga gunia la mchanga mahali pa Nzula. Walianza kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha wakaongeza kidogo kidogo. Vijana wa stendi ya boda boda walimcheka Muteti kwamba anafundishwa na daktari wa mbuzi. Kwa breki ya mguu peke yake Nzula alipima hatua tisa. Kwa zote mbili, nne. Walirudia wiki mbili nzima.

Siku ya soko iliyofuata, ndama alikatiza mbele yao. Pikipiki ikasimama wima. Mumo hakuamka.

Nzula alishuka, akarudi nyuma hadi pale Muteti alipofunga breki, akapima.

"Nne," alisema.

Muteti alimtazama ndama akivuka.

"Basi Kaloki angefika nyumbani."