Wa Mwisho Kunywa

Siku Yeremia Malogo alipoanguka, taa zote za kionajasho zilikuwa za kijani.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka 2068, saa tisa na nusu alasiri. Zabibu ya Dodoma walikuwa wakicheza na Reli ya Tabora katika joto la nyuzi thelathini na tisa. Wachezaji wote ishirini na wawili walivaa jezi za nyuzi-hisi, kitambaa chenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazoonja jasho na kusoma chumvi, joto la mwili na mapigo ya moyo. Habari hizo zilikwenda kwenye kionajasho, mashine yenye ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, iliyokaa juu jukwaani. Mchezaji akikaribia kukaukiwa, kionajasho kilimtumia kinyweshi, chombo kidogo kinachoruka, ambacho kilimshushia mrija hadi mdomoni naye akiwa bado anakimbia. Mpira haukusimama. Msimu mzima haukuwa umesimama hata mara moja kwa ajili ya maji.

Aliyebuni mtambo huo, mhandisi Nyemo Malogo, alikuwa amekaa huko juu mbele ya skrini zake akitazama namba. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo kelele za mashabiki wa upande wa benchi zikakatika kama redio iliyozimwa. Akainua macho. Baba yake alikuwa amelala kifudifudi kando ya mstari, na ndoo yake imesimama wima pembeni. Haikumwagika hata tone.

Daktari alisema ni joto. Alisema pia kwamba mzee hakuumia muda mrefu, na Nyemo alimshukuru kwa maneno hayo.

Yeremia Malogo alikuwa mbeba maji wa Zabibu kwa miaka thelathini na moja. Hadi msimu uliotangulia, mechi za Dodoma zilisimama dakika ya thelathini na ya sabini na tano ili watu wanywe, na mapumziko hayo yalikuwa ufalme wake. Aliingia uwanjani na ndoo na vikombe vya bati, akizisalimu timu zote mbili kwa Kigogo, “Mbukwa, mbukwa,” na kumpa maji kwanza kipa wa wageni, kwa sababu alisema mgeni haoni aibu kushindwa ila huona aibu kuomba. Wenye vinyweshi walipokuja walimwambia akapumzike nyumbani. Alikataa. Vinyweshi vilihudumia jezi tu, naye akabaki na wale wasiovaa jezi: wabeba machela, wapiga picha, askari, wachezaji wa akiba.

Hakuwa na kinyongo na mashine ya mwanawe. Kinyume chake, nusu ya akili yake ilikuwa ya mzee. Nyemo alipokuwa akiiunda, alikwama kwenye jambo moja: kuna wachezaji ambao jasho lao lilidanganya hadi dakika ya mwisho.

“Usitazame jasho peke yake,” baba yake alimwambia. “Sikiliza mdomo. Mchezaji akiacha kutukana, ana kiu mbaya.”

Nyemo alicheka, kisha akaipa mashine masikio. Miezi mitatu baadaye kipa wa Zabibu, Chidawali, mtu ambaye kwa dakika tisini hakuwahi kufunga domo, alinyamaza katikati ya mechi. Jasho lake lilikuwa bado zuri. Kionajasho kilisikia ule ukimya, kikapiga king’ora, akatolewa, na hospitali wakakuta moyo wake ulikuwa unaelekea kusimama.

Chidawali huyo ndiye aliyekuja siku ya tatu ya msiba, akaketi mkekani karibu na Nyemo, na kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa kimya.

“Pole, dada.”

“Nimeshapoa.”

“Nina kitu chake.” Akatoa kikombe cha bati chenye kipande cha kamba kwenye kishikio. “Kilikuwa kimefungwa kiunoni. Nilikifungua mimi tulipombeba.”

Nyemo alikipokea. Kipa akaendelea kukitazama.

“Kilikuwa kikavu, dada. Hata unyevu hakuna. Ndoo imejaa nusu, kikombe kikavu.”

“Labda alikuwa ameshakunywa.”

“Wewe unajua alikuwa anakunywa saa ngapi.”

Nyemo alijua. Mbeba maji hunywa wa mwisho. Baba yake aliishi kwa sheria hiyo hata nyumbani, hata sikukuu.

“Refa akipuliza turudi mchezoni,” Chidawali alisema, “ndipo anachota chake. Tulikuwa tunamzomea. ‘Mzee, mwizi wa dakika! Mzee, unakunywa kama ngamia wa mkopo!’ Naye anatuonyesha mgongo, anakunywa taratibu.” Akajifuta pua. “Sasa hiyo filimbi ya kurudi haipo tena. Watu wanakunywa tangu mwanzo mpaka mwisho. Nani atamwambia kwamba wote wameshapata?”

Nyemo alikigeuza kikombe mkononi, akaelewa kwamba katika msimu mzima zamu ya baba yake haikuwa imefika.

Wiki mbili baadaye Baraza la Mpira lilikaa. Mapumziko ya maji yalikuwa yamesimamishwa kwa majaribio ya msimu mmoja tu, na siku hiyo kifungu chake kilikuwa kifutwe kabisa katika kanuni. Ilihitajika saini ya mbunifu.

“Mhandisi,” alisema mwenyekiti, Bwana Kyaruzi, “msimu huu wamezimia wachezaji wangapi?”

“Hakuna.”

“Na uliotangulia, wenye mapumziko?”

“Tisa.”

“Tunakupa pole kwa msiba, sote. Lakini mashine yako haijakosea.”

“Haijakosea. Niliiuliza habari za watu ishirini na wawili, ikanijibu habari za watu ishirini na wawili. Uwanjani tulikuwa elfu kumi na nne.”

“Basi tuwavalishe jezi na wabeba maji.”

“Nililifikiria hilo siku tatu,” Nyemo alisema. “Lakini jezi ingemwambia nini? Kwamba ana kiu? Hilo alilijua. Baba yangu hakukosa kipimo, alikosa zamu.”

Mjumbe mmoja alikohoa. “Wenye luninga hawataki mpira usimame.”

“Nao wakanywe maji.”

Walicheka, hata Kyaruzi, ingawa alijaribu kujizuia. Nyemo aliwaeleza kwamba haombi mashine iondolewe. Mashine ilimrudisha Chidawali kwa watoto wake, na kwa hilo atashukuru mpaka anakufa. Anaomba dakika tatu, mara mbili, ambazo kila mtu uwanjani anajua ni za maji. Kisha akaomba mstari mmoja uongezwe chini ya kifungu. Katibu aliusoma mara mbili kuhakikisha ameuandika sawasawa.

Mechi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya Zabibu tena. Mbeba maji mpya alikuwa Sechelela, mwanamke mtaratibu aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe. Dakika ya thelathini filimbi ililia, vinyweshi vikatua chini, na wachezaji wakamzunguka. Hakuna aliyenyoosha mkono.

“Jamani, nyie kwanza,” Sechelela alisema, akiwa na haya.

“Kanuni, mama! Kanuni!” Chidawali alipaza sauti. “Unataka nipewe kadi kwa kiu yako?”

“Mimi nimefundishwa vingine.”

“Hata sisi. Kunywa, tunaungua hapa!”

Refa alisimama na saa mkononi, akisubiri. Kule juu Nyemo alivua miwani ya kazi. Sechelela alichota, akawageuzia mgongo kama alivyokuwa akifanya mwalimu wake, akanywa kikombe kizima taratibu, huku timu mbili zikimzomea kwa furaha.

Sasa mechi zote husimama dakika ya thelathini na ya sabini na tano, kwa dakika tatu. Mbeba maji hunywa wa kwanza.