Kikapu cha Mfano

Kila akitoka shule, Kiherehere alipitia karakana ya shangazi yake kufagia mabaki ya ukindu wa kusukia vikapu. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kitu kilichotulia mahali pake yeye akiwa karibu. Siku hiyo hata ufagio hakuushika. Shangazi alisimama katikati ya karakana amefura, mikono kiunoni, maana vikapu vilikuwa vimegoma kuingia kwenye maboksi.

"Maboksi ni yale yale, wasukaji ni wale wale!" alifoka. "Sasa vikapu vimenenepa kwa kula nini?"

"Usitulaumu sisi," akajibu msukaji mmoja, naye hasira zimempanda. "Tumefuata mfano wako. Pima mwenyewe!"

Mfano ulikuwa kikapu kimoja kilichotunzwa kabatini. Pacha wake alikuwa kwa mnunuzi, nchi ya mbali. Mkataba ulisema kila kikapu kifanane na pacha hao. Kisipofanana, mnunuzi ana haki ya kukikataa, na gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji. Shangazi akapima. Vilifanana na mfano kabisa! Akabaki kuligombeza boksi.

"Basi tutavibana hivyo hivyo," alisema. "Gari linakuja kesho asubuhi."

Kiherehere ndiye aliyekuwa amekichukua kikapu cha mfano kwa siri, kabla wasukaji hawajaanza kazi, akakibebea mchanga uliolowa wa bustani ya shule. Kikatanuka. Akakifuta, akakirudisha, akanyamaza. Aliogopa kusema, lakini vikapu vikikataliwa huko ng'ambo, jasho la wasukaji wote litakuwa limepotea bure.

"Shangazi, ulionenepa ni mfano. Niliubebea mchanga."

"Mungu wangu, mtoto huyu!" Shangazi alijishika kichwa. "Nyumba imejaa mifuko, wewe ukaona hicho tu? Na muda wote huu unatuona tunasuka, umefunga mdomo!"

Alishusha pumzi, akampigia simu mnunuzi, akamweleza yote bila kuficha. Mnunuzi naye alikereka. Vikapu vipana hakuvitaka katu. Lakini kwa kuwa alikuwa ameambiwa kabla mzigo haujaondoka, alikubali kuongeza muda, mradi makubaliano mapya yaandikwe na pande zote mbili zitie saini. Vile vipana, shangazi angejua mwenyewe pa kuviuza.

Wasukaji wakaanza upya kwa vipimo vya yule pacha aliyeko kwa mnunuzi, huku wakinung'unika. Shangazi alimvuta Kiherehere karibu.

"Ungesema siku ile ile, tungepoteza kikapu kimoja. Ungenyamaza mpaka kesho, tungepoteza jina letu. Mtu wa mbali hazijui sura zetu; anachokijua ni ahadi yetu tu. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Haya, kaa hapa ujifunze kusuka, maana kazi ni yako pia. Na shule wakitaka mchanga tena, ndoo ile pale!"